Herufi Zenye Mikia

Katoni tano za asali zilirudi Kasulu Jumanne kabla ya adhuhuri, zimefungwa kamba zilezile alizozifunga Khatibu kwa mkono wake, na dereva aliyezirudisha akadai nauli ya kurudi. Zena alimlipa bila kubishana. Mzigo ukishakataliwa, kugombana na dereva ni kujiongezea aibu tu, na wenye meza za jirani pale sokoni walikuwa wameshaacha kuuza ili watazame.

Juu ya katoni ya kwanza palikuwa na barua fupi ya Hashimu, mwenye duka kule Kigoma. Shadia, binti wa Zena, aliisoma kwa sauti ya chini.

"Mama Shadia, asalaam aleikum. Asali ni nzuri, sina neno nayo. Lakini chupa zako zina sura tatu. Wateja wananiuliza ipi ya kweli na ipi imechakachuliwa kwa sukari. Niletee chupa zenye maandishi ya namna moja, nami nitachukua katoni kumi kila mwezi. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya hapo kuna mtu wa Kakonko anasubiri nimjibu."

Khatibu, mume wa Zena, alifungua katoni, akapanga chupa tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa na lebo iliyochapwa stendi, herufi nyembamba kama za barua ya serikali. Ya pili ilichapwa na Shadia alipokuwa chuoni, herufi nene za kijani. Ya tatu iliandikwa kwa mkono, kwa kalamu nene ya makapeni.

"Hata mimi ningeuliza," alisema.

"Na hiyo ya makapeni umeiandika wewe," Zena akamkumbusha.

"Karatasi zilikuwa zimekwisha."

"Ukaandika kama daktari. Asali yangu imekuwa dawa ya minyoo."

Khatibu alicheka kidogo tu, kwa sababu alikuwa na lake moyoni. Kule Kibondo, mfuga nyuki mmoja aitwaye Bazilio alikuwa amemwekea ndoo ishirini za asali. Wanunuzi wawili walishakuja na hela mkononi, Bazilio akawarudisha, kwa kuwa Khatibu alimpa neno lake. Hashimu akienda kwa mtu wa Kakonko, Khatibu itabidi apande gari mpaka Kibondo akamwambie mtu mzima mwenzake kwamba lile neno halikuwa neno. Msimu ujao hakuna atakayemwekea hata kikombe. Na bila asali ya Kibondo, meza ya Zena pale sokoni ingebaki mbao tupu.

*

Baada ya chakula cha mchana Shadia alieleza jambo lake. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, amemaliza chuo, kazi hakuna, na wazazi wake walimsikiliza kwa ule uvumilivu wa watu waliolipa ada.

"Siyo jina tu, mama. Herufi nazo ni sura. Tuchague aina moja, tukae nayo. Chupa, ndoo, kibao cha pale mezani, kila kitu."

"Herufi si herufi tu?"

"Mbona wewe unamjua mtu kwa mwendo kabla hujauona uso wake?"

Zena alifikiri. Hilo lilimwingia. "Basi mimi nataka jina langu liandikwe kwa heshima. Lisiandikwe kama bei ya nyanya."

Shadia akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini Zena aliumia. Huyu mtoto alikuwa akicheka mara nyingi tangu arudi: kwa jinsi mama yake alivyoshika simu, alivyosema "kompyuta", alivyopiga hesabu kwa vidole. Mzazi huvumilia mengi, ila kuchekwa na uliyemsomesha kunakwaruza.

Wakakubaliana hivi: Khatibu na Shadia waende Kibondo kumtuliza Bazilio na kukagua zile ndoo, warudi Jumamosi, na hapo ndipo wote watatu waende kuchagua herufi. "Mama, unisubiri," Shadia alisema akiwa ameshika begi. Zena akaitikia. Hakusubiri.

*

Jumatano asubuhi alikwenda peke yake kwenye steshenari ya kijana mmoja aitwaye Niyubahwe, nyuma ya stendi. Chumba kilikuwa kidogo, kina kompyuta moja, printa mbili na benchi lililojaa watu wenye haraka zao. Zamu ya Zena ilipofika, Niyubahwe aliuliza bila kuinua macho, "Unataka fonti gani, mama?"

Zena hakulijua hilo neno. Alijua alichotaka, ila kwa jina hilo hakukijua.

"Ile nzuri," akasema.

Mwanafunzi mmoja benchini alimgusa mwenzake kwa kiwiko. Mwanamume mwenye bahasha akapumua kwa nguvu, ile pumzi inayomwambia mtu kuwa anachelewesha. Niyubahwe hakuwa kijana mbaya. Alitaka foleni isogee, na pia alitaka kumwondolea yule mama macho ya watu. Akafungua kazi aliyokuwa akiifanya asubuhi hiyo, akafuta maneno yaliyokuwamo, akaandika mapya: *Asali ya Zena*.

Jina likatulia mahali pake. Herufi zilikuwa za mlazo, zenye mikia. Mkia wa Z ulipita chini ya herufi nyingine kama mkono unaozibeba. Pembeni palikuwa na maua, na katikati kiduara kitupu. Niyubahwe akatia picha ya nyuki ndani ya kile kiduara. Chini, kwa herufi zilezile, akaandika tarehe: *Imerinwa Mei 2025 – Mwisho Mei 2027*.

Moyo wa Zena ulitulia. Hakujua kwa nini. Aliona tu kwamba mtu akiandikwa hivyo, basi huyo mtu ana thamani.

"Hizo hizo," alisema.

Kurasa ishirini za stika, lebo mia mbili arobaini, shilingi elfu arobaini. Alilipa, akatoka akiwa amenyoosha mgongo, akampita yule mwenye bahasha bila kumtazama. Mchana huo huo alibandua lebo za zamani kwenye chupa zilizorudi, akabandika mpya, akazipanga mezani mistari minne. Zilipendeza. Kama Shadia angekuwapo, angemwonyesha kuwa na yeye anaweza.

*

Alhamisi hakuuza hata chupa moja. Ijumaa hivyo hivyo.

Si kwamba watu hawakuja. Walikuja. Mwanamke mmoja wa Heru Juu, mteja wake wa siku nyingi, alikuja kwa kasi na chupa yake tupu mkononi, akafika mezani, akasimama. Akaitazama lebo. Sauti ikamshuka.

"Mwihangane, mama," akasema, akaondoka polepole.

Zena alilijua neno hilo la pole, hulisikia kila siku. Alidhani anapewa pole ya mzigo uliorudi kutoka Kigoma. Mjini Kasulu habari haikai ndani. Akaitikia, "Tumeshapoa," akaendelea kufuta vumbi. Wachuuzi wawili wanaopeleka bidhaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambao huchukua chupa sita kila wiki, walinong'onezana kwa Kirundi, wakasema watarudi. Hawakurudi. Mzee mmoja alivua kofia mbele ya meza, akaivaa tena, akaenda kununua chumvi.

Kilichomuudhi zaidi ni jirani yake, Pelagia. Pelagia aliuza maharage na dagaa meza ya pili, na kwa miaka tisa walikuwa wakiketi wametazamana, wakilindiana meza, wakigawana chai. Tangu Alhamisi asubuhi Pelagia aligeuza benchi lake, akampa Zena mgongo. Chai ilikuja, akanywa peke yake.

"Ana kijicho," Zena alijisemea. "Ameona nimependeza." Alipojisikia akisema hivyo aliona haya, lakini hakuliondoa neno lile.

Jumamosi asubuhi simu iliita. Alikuwa Khatibu, bado yuko Kibondo.

"Mke wangu, u mzima?"

"Swali gani hilo?"

"Bazilio katupokea kavua kofia. Kanishika mkono kwa mikono miwili, kanipa pole. Anasema wachuuzi wametoka Kasulu wanasema sokoni kuna asali ya marehemu Zena. Nikamwambia, huyo marehemu kanigombeza jana kwenye simu."

Zena hakucheka. Aliitazama mistari minne ya chupa. Wote waliopita siku tatu walimtazama kwa huruma, na yeye alikuwa akijibu kwa tabasamu, tabasamu la mtu asiyejua kuwa nguo imechanika nyuma.

"Bazilio anasemaje kuhusu zile ndoo?" aliuliza taratibu.

"Anasema atangoja mpaka Ijumaa. Zaidi ya hapo hapana. Ana watoto shuleni."

*

Zena alivuka kinjia cha katikati ya meza zao, akazunguka mpaka mbele ya Pelagia, akakaa kwenye gunia la maharage.

"Dada Pelagia, nimekukosea nini?"

Pelagia alichambua dagaa muda mrefu. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, wazazi wake walitoka Burundi kabla yeye hajazaliwa. "Hukunikosea, Mama Shadia."

"Benchi umeligeuza."

"Ego. Nimeligeuza."

"Basi niambie. Watu wote wanajua nina nini isipokuwa mimi."

Pelagia alifuta mikono kwenye kitenge. Akafungua mkoba wake, akatoa Biblia, na ndani ya Biblia akatoa karatasi iliyokunjwa mara moja, imefunikwa nailoni isilowe. Akaiweka juu ya magoti ya Zena.

Maua yaleyale pembeni. Kiduara kilekile, ila ndani hamkuwa na nyuki. Alikuwamo Niyitegeka, mume wa Pelagia, ndani ya koti asilolizoea. Chini yake jina, kwa herufi za mlazo, na mkia wa N ukipita chini ya nyingine kama mkono unaozibeba. *Kuzaliwa 1958 – Kufa 2024*.

Zena aligeuza shingo, akaitazama meza yake. Kutoka pale alipokaa Pelagia, zile chupa zilikuwa ratiba za mazishi mia moja na ishirini, zimepangwa mistari minne, jina lake juu na miaka miwili chini.

"Ya Rabi," alisema.

"Kila anayezikwa hapa mjini anaandikwa hivyo," Pelagia alisema. "Kanisa lolote. Watu wakiona hizo herufi hawasomi, wanajua tu. Mimi siku tatu naketi hapa, kila nikiinua macho namwona mzee wangu. Nikasema heri nigeuke."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Jina ni lako, asali ni yako, hela umetoa. Nilifikiri unajua."

"Sisi hatuna karatasi, dada. Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri tumeshamzika. Nikija kwenye misiba yenu nakaa jikoni na kina mama. Kanisani siingii."

"Kwa Niyitegeka ulikuja mpaka kaburini."

Zena aliitazama tena ile karatasi. Alikuja, ndiyo. Maiti ilitoka hospitali ya Kabanga asubuhi, na siku hiyo Pelagia hakuweza kusimama peke yake, kwa hiyo Zena alimshika kiuno tangu nyumbani mpaka kaburini na kurudi. Mtu mmoja alimpa Pelagia hiyo karatasi, mikono ya Pelagia ikashindwa, Zena akaipokea. Aliishika mchana kutwa. Hakuelewa nyimbo, hakuelewa sala, akawa anaitazama tu ile karatasi ili asimtazame mwenzake analia. Aliifuata kwa macho mikia ya herufi, mmoja baada ya mwingine. Alifikiri siku ile: huyu mtu wamempenda, tazama walivyomwandika.

Ndiko alikozitoa. Hazikuwa ngeni kwake pale steshenari. Zilikuwa zimemkaa moyoni, akazidhania ni zake.

"Niliziona nzuri," alisema, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka hadharani, saa nne asubuhi, mbele ya wanunua dagaa. "Wallahi, dada, niliziona nzuri tu."

"Ni nzuri," Pelagia alisema. Aliichukua karatasi yake, akairudisha ndani ya Biblia. "Ndiyo maana tuliwapa wao, waliotutoka."

Kisha akasimama, akaliinua benchi lake upande mmoja, Zena akaliinua upande wa pili, wakaligeuza.

*

Shadia aliporudi jioni alikuta beseni mbili za maji ya moto uani, mama yake na Pelagia wamekunja mikono ya nguo, wanabandua lebo kwa kucha. Aliokota moja iliyokuwa ikielea. Kicheko kilimfika mdomoni. Akamwona mama yake anavyosugua, kichwa chini, akakimeza. Akavua viatu, akakaa.

"Heri ningekusubiri," Zena alisema bila kumtazama.

"Na mimi ningekueleza vizuri, mama. Nilikucheka."

"Ulinicheka."

"Nisamehe."

"Chukua kisu hicho, kucha zako hazitafaa."

Jumatatu walikwenda wote kwa Niyubahwe. Kijana alipoiona chupa moja waliyoacha na lebo yake, alijishika kichwa. "Mama, hizo herufi nazichapa kila wiki mpaka sizioni tena. Sikufikiria." Akakubali kuchapa upya kwa nusu ya bei, na karatasi za majaribio hakutoza. Alimwachia Shadia kiti.

Shadia aliandika *Asali ya Zena* kwa aina tano za herufi, kila moja kwenye karatasi yake, wakazibeba mpaka sokoni na kuzibandika ukutani nyuma ya meza. Zena akatoka mpaka barabarani kutazama. Moja ilipotea kabisa kwa mbali. Nyingine ilionekana imekasirika. Ya tatu Khatibu aliipenda, lakini wote wakakubaliana inafanana na tangazo la mnada. Wapita njia walisimama kutoa maoni bila kuombwa. Wengine walifurahi zaidi kumwona Zena yu hai.

"Dada Pelagia," Zena aliita, "wewe ndiye unayekaa ukizitazama. Chagua."

Pelagia alitazama kwa makini, mkono kwenye shavu. "Ile ya nne. Nene kidogo, haina madaha. Inasema asali, halafu inanyamaza."

Ikawa hiyo. Khatibu alichora herufi zile kwenye boksi la katoni, akazitoboa kwa wembe, wakapaka rangi ya kahawia kwenye kibao na kwenye ndoo zote. Alitaka kuongeza kaua kadogo chini ya jina. Shadia akamnyang'anya brashi. Tarehe waliziandika mahali tofauti: ya kurinwa mbele, ya mwisho kwenye kifuniko.

Alhamisi katoni zikaondoka. Ijumaa baada ya sala Hashimu akapiga simu, mtu wa maneno machache. "Zimefika. Zote ni ndugu. Mwezi ujao lete kumi." Khatibu alimpigia Bazilio pale pale, akiwa bado na kofia ya msikitini kichwani, akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwamba anakuja kuchukua ndoo zake, zote ishirini.

*

Mwezi wa tisa Zena alirudi steshenari. Benchi lilikuwa limejaa kama kawaida. Niyubahwe akamwona, akainuka.

"Mama Shadia! Fonti yenu ipo, nimeihifadhi. Chupa ngapi?"

"Leo si asali."

Alitoa kwenye mkoba picha ya mwanamume mwenye koti asilolizoea, na karatasi iliyoandikwa na Shadia kwa mkono: jina, miaka, siku ya ibada ya kumbukumbu, wimbo wa kuanzia na wimbo wa kumalizia. Pelagia alikuwa amesema mwaka wa Niyitegeka ungepita bila kadi, kwa sababu maharage hayakwenda vizuri. Hakuomba. Alisema tu, wakinywa chai.

"Nakala hamsini," Zena alisema. "Karatasi ile ngumu."

"Sawa, mama. Fonti gani?"

Nyuma yake mtu alipumua kwa nguvu. Zena hakugeuka. Alivuta kiti cha pembeni, akakaa, akainamia kompyuta, akanyoosha kidole mpaka kikagusa kioo.

"Zile zenye mikia," alisema. "Na uliandike jina lake taratibu. Hawa watasubiri."